Mashine ya hewa haizuii sumu ya jiko

HEWA chafu haipigi hodi. Vumbi la barabarani, moshi wa magari na ule wa taka zinazochomwa nyuma ya ploti huingia nyumbani na kuwakuta watoto kitandani. Ndiyo sababu baadhi ya familia za mijini, hasa zenye mgonjwa wa pumu, hununua mashine ya kusafisha hewa. Je, mashine hii hufanya kazi vipi?

Ndani yake mna feni inayovuta hewa ya chumba, kuipitisha kwenye chujio na kuirudisha ikiwa safi zaidi. Chujio linalosifika ni lile liitwalo HEPA, lililoanza kubuniwa Marekani katika miaka ya 1940 wakati wa mradi wa bomu la atomiki. Kwa kipimo cha Marekani, lazima linase angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa maikromita 0.3. Unywele wa binadamu una takriban maikromita 70!

Chembe ndogo namna hiyo ndizo za kuogopwa, kwani hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Zikipungua chumbani, baadhi ya wagonjwa wa pumu na wale wanaodhuriwa na vumbi au paka hupata nafuu. Hata hivyo, mashine si dawa. Mgonjwa asiache kutumia inhela yake.

Aidha, kuna adui ambaye mashine haimwezi: gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye jiko la makaa. Haina rangi wala harufu, nayo hupita katika chujio bila kunaswa. Hata mashine zenye makaa maalumu ya kunyonya harufu haziizuii. Wengi hudhani makaa yakishakuwa mekundu na moshi kwisha, hatari imekwisha. La! Sumu huendelea kutoka, na katika baridi ya Juni na Julai, walioingiza jiko chumbani na kufunga madirisha huweza kufa usingizini.

Hapo ndipo penye mtego. Mashine hufanya kazi vyema madirisha yakiwa yamefungwa, ilhali jiko huhitaji yawe wazi. Kwa hivyo, usiwashe mashine ukidhani imekupa ruhusa ya kulala na jiko.

Ukienda dukani, chagua mashine inayolingana na ukubwa wa chumba, na uulize bei ya chujio jipya, kwani lililojaa uchafu halifai kitu. Epuka zinazotoa ozoni, gesi inayowasha mapafu.

Na asiye na pesa za mashine? Apikie penye hewa ya kutosha, apanguse vumbi kwa kitambaa kibichi, na asiruhusu sigara ndani. Zaidi ya yote, jiko la makaa lilale nje.