Mbona yeye anapita mbele yetu?

Kutoka Boga mpaka machimbo ya Mongbwalu, maneno haya tunayajua: "Sisi tumefika asubuhi, yeye amefika sasa hivi. Mbona anaingia mbele yetu?" Watu wanakasirika, wanafikiri ni mambo ya undugu. Tuelewe kwanza kazi ya urjansi.

Urjansi si foleni ya kisimani. Muuguzi anayepokea wagonjwa anawachagua kufuatana na hatari. Kazi hiyo inaitwa triaje, neno la Kifaransa lenye maana ya kuchagua. Larrey, munganga wa jeshi la Napoleon, alimtibu kwanza aliyeumia zaidi, hata kama ni askari mdogo na afisa anangoja.

Kwa watoto, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linafundisha kutazama hivi: Anashindwa kupumua? Mikono ni baridi, na ukikandamiza ukucha, damu inachelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, huku mapigo ni dhaifu na ya mbio? Amezimia ao ana degedege? Anaharisha, amelegea, macho yameingia ndani? Hatari moja tu ikionekana, matibabu yaanze palepale. Mambo ya fishi yafuate.

Ndiyo maana mchimbaji aliyevunjika mkono, anayepiga kelele kwa maumivu, anaweza kungoja, lakini mtoto aliyenyamaza mgongoni mwa mama anaingizwa mbio. Anayelia, angalau anapumua. Ukimya unaweza kuwa hatari zaidi.

Hatari ikipungua, munganga anaamua: mgonjwa arudi nyumbani na dawa, alazwe, apasuliwe, ao ahamishwe hospitali kubwa zaidi.

Na sisi jamaa tufanye nini?

– Tuseme ukweli: ugonjwa ulianza lini, alikunywa dawa gani, hata ile ya kienyeji. Kuficha kunaweza kuua.
– Tulete barua ya transferi kutoka kituo cha afya.
– Damu ikitoka sana, tukandamize jeraha kwa kitambaa safi, bila kuachilia, mpaka tufike.
– Aliyeangukiwa na udongo shimoni asikunjwe shingo wala mgongo. Abebwe juu ya ubao.
– Mgonjwa anayengoja akibadilika, tumwite muuguzi mara moja. Mwenye kungoja saa hii anaweza kuwa wa kwanza saa ijayo.

Wenzetu wa Boga wanajua bei ya mlango huo. Mwezi wa 6 mwaka 2021, watu wenye silaha walipora hospitali yao na kuichoma moto. Mlango wa karibu ukifungwa, safari ya mgonjwa inakuwa ndefu.

Basi, mahali mlango uko wazi, tusikawie. Mtoto asiyeweza kunyonya ao kunywa, anayetapika kila kitu, ao aliyelegea bila kuamka, asingojee kupambazuke. Tumpeleke. Na tukiona mtoto wa mwenzetu anapitishwa mbele, tusogee, tuwape njia.