Kijiwe cha Katikati

Sogeeni, watoto wa Sigor, sogeeni karibu. Leo nawapeleka Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori. Tutapita Sotik penye majani chai. Tutapita Kisii penye migomba. Tutafika Migori, jirani na Tanzania. Kutoka mjini ni kilomita 46 hivi kuelekea kaskazini-magharibi. Hapo tutauona ukuta.

"Ukuta tu, mjomba?"

Ukuta tu! Lakini subiri kidogo. Ni ukuta wa mawe uliozunguka boma. Pengine kimo chake kinapita mita 4, na unene unafika mita 3. Hauna saruji. Hauna chokaa. Inaaminika ulijengwa karne ya 16, na mpaka leo umesimama.

"Sasa mbona hauanguki?"

Ahsante, mwanangu! Hilo ndilo swali lenyewe. Hebu chuchumaa, tega sikio penye ufa huu. Unasikia?

"Mimi ni kijiwe cha katikati. Mafundi walipanga mawe makubwa upande wa nje. Wakapanga mengine upande wa ndani. Kisha katikati wakatushindilia sisi wadogo. Wakubwa mnawaona. Sisi hamtuoni. Lakini sisi ndio tunaowashika wakubwa wasiyumbe."

Kumbe jambo hili mnalijua tangu jikoni. Figa likicheza na sufuria ya ugali ikiinama, mama hufanya nini? Huchomeka kijiwe chini ya figa. Sufuria ikatulia. Basi msipande ukuta huo, wala msichomoe jiwe, hata dogo. Hasa dogo!

"Walijenga ili kulinda mpaka wa Kenya?"

Mpaka upi, mwanangu? Haukuwapo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mstari wa kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Victoria. Kijiwe chetu kilikuwa kimekaa mahali pake kwa karne kadhaa. Wajenzi walilinda watoto wao na ng'ombe wao, wasiliwe na wanyama wakali, wasiibwe na wavamizi. Ndiyo maana milango ni mifupi. Adui alilazimika kuinama, na aliyeinama harushi mkuki. Nanyi mtainama, tena mtacheka.

"Na waliojenga walikwenda wapi?"

Walihama, wakaja wengine. Jamii za lugha mbalimbali ziliishi humo kwa kupokezana, hadi karne ya 20. Wageni hawakubomoa. Walikarabati ukuta uleule kwa ufundi uleule. Mimi hili hunigusa kuliko urefu na unene wote. Mwaka 2018 UNESCO ilipaweka mahali hapo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na mimi nilifurahi kama nimetahiniwa nikapita.

"Tutalala ndani ya boma?"

La, ndani hatulali. Tutabeba hema, na wahudumu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya watatuonyesha pa kulisimamisha. Asubuhi waombeni wawaonyeshe mwamba wenye vishimo vilivyochongwa kwa mchezo wa bao. Waliokaa humo nao walikuwa na muda wa kucheza.

"Tutacheza na sisi?"

Wakituruhusu, tutacheza. Lakini kete tutatoka nazo Sigor. Punje za mahindi zatosha. Vijiwe vya kule vina kazi.