Kiini cha mkwaruzo katika muziki wa kompyuta

Mtunzi anayetumia Csound, programu iliyobuniwa na Barry Vercoe katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1980, sharti achague viwango viwili. Cha kwanza ni idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde. Zikiwa 44,100, kama kwenye CD, hulitosheleza sikio la binadamu. Cha pili ni kiwango cha udhibiti, yaani mara ngapi kwa sekunde nguvu ya sauti hukokotolewa upya. Kikiwa 4,410, badiliko huja kila baada ya sampuli 10. Kikishushwa hadi 441, kompyuta hupunguziwa mzigo, lakini badiliko husubiri sampuli 100. Hapo sauti iliyopaswa kufifia taratibu hushuka kwa vishindo, mithili ya mtu ashukaye ngazi, na mkwaruzo husikika. Basi kabla ya kulaumu spika, kiwango hicho kipandishwe.