Jeraha Lililofichua Kazi ya Tumbo

Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya na kumtoboa tumbo kijana Alexis St. Martin. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimwokoa. Lakini tundu halikuziba. Kuanzia mwaka 1825 daktari huyo alipitisha humo vipande vya nyama vilivyofungwa kwa uzi wa hariri, akaona jinsi vinavyoyeyuka. Hata chupani, katika joto la mwili, maji ya tumbo yaliyeyusha nyama. Ikathibitika kwamba tumbo halisagi tu, bali pia huyeyusha. Mwaka 1836 Theodor Schwann alikitambua kimeng'enya kinachohusika, yaani pepsini. Beaumont aliona pia kwamba hasira huzuia kazi hiyo. Basi askari na atafune kwa utulivu, kwani wanga huanza kuyeyushwa na mate mdomoni.