Kabla Hujaitupa Cherehani ya Bibi

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia kumalizika, katika nyumba zetu hapa Uingereza cherehani hutolewa makabatini, na papo hapo malalamiko huanza: uzi unakatika, mshono unaruka, upande wa chini nyuzi zimefungamana kama makumbi. Siku mbili tatu baadaye nasikia kwamba mashine "imekufa" na imepelekwa duka la sadaka. Hili linanisikitisha sana, maana cherehani nyingi nilizoitiwa kuzitazama hazikuwa na ugonjwa wowote ila sindano na uzi.

Tukumbuke pia kwamba nyingi katika zile mashine nyeusi za mkono zilitengenezwa huku huku, katika kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Zilipakiwa melini zikafika pwani yetu, na baadhi yake zimerudi na sisi. Chuma chake hakichakai upesi. Kichakaacho ni sindano. Wenye ujuzi hushauri ibadilishwe baada ya saa 8 hivi za kushona. Sisi tunakwenda nayo Idi tatu.

Mwaka juzi binti mmoja wa jamaa zetu alinipigia simu akilia. Alikuwa na kanzu 11 za watu, fedha amekwisha pokea na vitambaa amekwisha nunua, na fundi mmoja amemwambia mtambo wa ndani umeharibika, kuutengeneza ni ghali kuliko kununua mashine mpya.

"Mwalimu, imekufa."

"Mwanangu, itoe sindano kwanza, uiweke kiganjani."

Sindano ya cherehani za nyumbani ina bapa upande mmoja wa kichwa chake, na upande wa pili ina mfereji mrefu unaoshuka mpaka kwenye tundu. Uzi huingia tunduni kutokea upande wa mfereji. Bapa hutazama kule iliko ile ncha inayodaka uzi, au kile kijichombo chenye umbo la mtumbwi katika mashine za zamani zaidi. Sindano ikigeuzwa, ncha haiupati uzi, na mshono hauwezi kushika. Vile vile isukumwe juu mpaka igote, ndipo skrubu ikazwe. Binti yetu alikuwa ameigeuza. Kanzu zote 11 zilikuwa tayari kabla ya usiku wa Idi.

Sasa nije kwenye lile linalowapoteza wengi. Nyuzi zikijazana chini ya nguo, mtu huilaumu bobini, akachukua bisibisi na kuanza kuchezea skrubu yake ndogo. Asifanye hivyo! Fujo ya chini mara nyingi hutoka juu. Uzi wa juu haukukaa baina ya vile visahani viwili vinavyoubana, basi unateremka bila kizuizi na kujikusanya chini. Dawa yake ni kuutoa uzi wote, kuinua mguu unaobana nguo ili visahani viachane, kisha kuutia upya tangu mwanzo. Ukiutia na mguu umeshuka, uzi utapita juu juu tu. Kinyume chake, ukiona uzi wa bobini unachomoza juu ya nguo, uzi wa juu umekazwa mno. Ulegeze kidogo kidogo, ukijaribu kwenye kitambaa kibovu, si kwenye kanzu ya mtu.

Kuhusu ukubwa, kwa kanga na poplini tumia sindano iliyoandikwa 80/12, kwa jinzi 100/16, kwa shifoni 60/8 au 70/10. Fulana na vitambaa vinavyovutika vina sindano yake yenye ncha butu kidogo; ile kali huchoma nyuzi za kitambaa na mshono ukaruka.

Uzi nao una umri. Najua mabibi zetu waliweka vibiringo vya uzi wa pamba katika makopo ya biskuti miaka na miaka, na kuvitupa ni kama kukosa adabu. Lakini chukua kipande, ukivute kwa mikono miwili. Kikikatika kwa wepesi, kiache koponi. Kitafaa kupiga bandi, kwa mkono.