Simulizi, Filamu na Bidhaa Zake: Suala la Mikataba kwa Sudan Kusini

Mapato ya filamu kubwa hayatokani na tiketi peke yake. Kampuni inayoimiliki hutoa leseni kwa watengenezaji wa nguo, vitabu, muziki na vitu vya kuchezea, nao huilipa mrabaha kwa kila bidhaa inayouzwa. Upo pia ubia wa kutangazana, ambamo fedha si lazima zipite kati ya wabia: mgahawa hugharimia matangazo yenye sura za wahusika, filamu ikapata watazamaji na mgahawa ukapata wateja. Ndivyo wahusika wa The Lion King ya Disney walivyoingia katika milo ya watoto ya Burger King mwaka 1994. Jambo lisilojadiliwa vya kutosha ni nafasi ya lugha na simulizi katika mikataba hiyo. Vyote viwili ni malighafi, na mara nyingi mwenye malighafi hayumo miongoni mwa wanaotia sahihi.

Mfano ulio karibu zaidi na Juba ni The Good Lie, filamu ya mwaka 2014 kuhusu vijana wa Sudan waliokimbia vita, wakaishi Kakuma nchini Kenya na hatimaye kupelekwa Marekani. Emmanuel Jal na Ger Duany, ambao wote waliwahi kuwa askari watoto, waliigiza humo; hata hivyo sura iliyotawala matangazo ilikuwa ya Reese Witherspoon. Ubia wa filamu hii ulielekea kwenye hisani: kando yake uliundwa mfuko ulioitwa The Good Lie Fund. Lakini mwaka 2015 wakimbizi 54, pamoja na taasisi yao, walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho jimboni Georgia. Walidai kwamba mwaka 2003 walimsimulia mwandishi wa mswada maisha yao katika mahojiano yaliyorekodiwa, kwa makubaliano kwamba taasisi yao ingenufaika, na kwamba kwa hiyo wao ni watunzi wenza. Mwaka 2016 jaji alikataa kuitupa kesi yote.

Uzito wa kesi hiyo uko katika neno "yaliyorekodiwa". Sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi tukio lililompata mtu, wala simulizi iliyotamkwa ikapita. Hulinda usemi uliohifadhiwa katika umbo la kudumu. Kwa jamii ambazo historia yake hukaa vinywani, hilo si jambo dogo: kinasa sauti kinapowashwa, simulizi huingia katika ulimwengu wa mali, na swali la nani mwenye mkanda huwa na thamani ya fedha.

Kwa upande wa msamiati, funzo limetokea kwenye Kiswahili chenyewe. Usemi "hakuna matata" ulikuwa umeshazoeleka katika wimbo "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa Kenya, wa mwaka 1982. Disney iliwasilisha maombi ya kuusajili kama alama ya biashara ya nguo nchini Marekani mwaka 1994, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Malalamiko yalipamba moto mwishoni mwa 2018 tu, toleo jipya la filamu lilipokaribia. Baadhi ya waliolalamika waliielewa sheria vibaya. Alama hiyo haimzuii mtu kutamka usemi huo, wala haimgusi anayechapa fulana katika soko la Konyo Konyo. Humkabili anapotaka kuziuza Marekani. Huko, anayepinga alama hupewa siku 30 tangu itangazwe, au aombe kuongezewa muda. Kisha mwaka 2019 ikatoka The Lion King: The Gift, albamu ya Beyoncé iliyoandamana na filamu. Ilishirikisha wasanii wa Nigeria, Ghana, Afrika Kusini na Kamerun. Afrika Mashariki, iliyotoa majina Simba na Rafiki (na Pumbaa, kitenzi kilichogeuzwa mhusika), haikuwamo.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Katiba yake ya mpito ya 2011 inazitambua lugha zote za asili kuwa lugha za taifa zinazopaswa kuendelezwa. Tamko hilo halina nguvu mbele ya mkataba wa leseni uliotiwa sahihi Los Angeles. Chombo kilicho karibu na Juba ni kibali cha kupiga filamu, ambacho kinaweza kuambatanishwa na sharti kuhusu simulizi, majina na bidhaa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ingeweza nayo kufuatilia maombi ya alama za biashara na kuzipa nchi wanachama taarifa mapema.

Sharti lenye uzito zaidi linahusu ridhaa. Fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza haimfai msimulizi anayezungumza Kidinka, Kinuer au Kiarabu cha Juba. Ridhaa isomwe kwa lugha yake, irekodiwe, itaje bidhaa zitakazoweza kufuata, na nakala ya mkanda ibaki kwake.