Ogden, meya wa kwanza wa Chicago

Chicago huandikwa kwa «ch» na kutamkwa kwa «sh». Sisi tuliosoma Kifaransa hatushangai: Wafaransa ndio walioandika kwanza shikaakwa, neno la Wamiami na Wailinois, maana yake kitunguu cha mwituni. Jina limebaki, wenyeji waliondolewa. Mkataba wa 1833 uliwanyang'anya Wapotawatomi ardhi yao ya mwisho mahali hapo, na mwaka wa 1835 wengi wao walianza safari ya kuhamishwa ng'ambo ya mto Mississippi.

Mwaka huohuo alifika William Butler Ogden, kijana wa jimbo la New York mwenye umri wa miaka 30 hivi, kuangalia viwanja vya shemeji yake. Alikuta kinamasi, akaona shemeji amepoteza pesa bure. Akapiga mnada: theluthi moja tu ikarudisha gharama yote! Basi akabaki. Mwaka wa 1837 akachaguliwa kuwa meya wa kwanza. Aliyeuza viwanja ndiye aliyeongoza mji wa kuvipitishia barabara, na wakati ule wachache waliona tatizo.

Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni reli ya Galena. Matajiri walisita kutoa mitaji, kwa hiyo Ogden alizunguka mashambani kuwauzia wakulima hisa, mmoja mmoja. Wakulima walielewa upesi, kwani walijua taabu ya kusukuma magari ya ngano matopeni. Mwaka wa 1848 treni ya kwanza ilikwenda kilometa 16 tu, ikivutwa na injini iliyokwisha kutumika kwingine.

Alikuwa pia na viwanda vya mbao huko Peshtigo, katika jimbo la Wisconsin, karibu kilometa 400 kaskazini. Mbao zilishuka kwa Ziwa Michigan hadi Chicago, mji uliojengwa kwa mbao. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 Chicago ikawaka, na Peshtigo ikawaka usiku uleule. Chicago walikufa watu kama 300. Peshtigo na vijiji jirani, zaidi ya 1,000. Dunia ikakumbuka Chicago.

Ogden alifariki mwaka wa 1877. Barabara moja ndefu ya Chicago inaitwa kwa jina lake, Ogden Avenue. Imelala juu ya njia ya miguu ya wale waliohamishwa.